Kocha Wekoye na Mfumo wa Uholanzi

Wekoye wa Kabuchai, upande wa Bungoma, hakuwahi kupiga mpira ukaenda alikotaka, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Jumapili moja ya Novemba, mwaka ule wa Kombe la Dunia la Ujerumani, alisimama nje ya kanisa mjini Kitale akawasikia wazazi wakilalamika. Likizo imeanza, watoto wadogo wanataka mafunzo ya mpira, na kocha ni mmoja tu: Mwalimu Kiplangat, anayefundisha saa moja kwa siku, tena kwa pesa taslimu. Sasa mzazi alinganishe nini na nini? Wekoye aliuonea mji huruma, akajitolea kuwa kocha wa pili.

"Mimi nafuata mfumo wa Uholanzi," aliwatangazia. "Mtoto anashinda uwanjani, asubuhi mpaka jioni."

"Lakini Kiplangat ako na cheti," alisema Mwihaki, mama mmoja mwenye shamba upande wa Endebess.

"Cheti hakipigi penalti, mama."

"Na malipo?"

Hapo Wekoye alijiona mwerevu kuliko wote. Wakulima hawakuwa na pesa, lakini mahindi yalikuwa yametoka tu shambani. "Gunia moja kwa kila mtoto. Mtulinganishe wiki mbili, mimi na Kiplangat. Asiyeridhika achukue gunia lake aende."

Ahadi haikumsumbua hata kidogo. Wiki mbili zikiisha yeye angekuwa kwao Bungoma, na magunia yameshauzwa.

Jumatatu magunia yakaja. Jumanne likaja lori la kuyapeleka sokoni. Dereva alitia mkono guniani, akatafuna punje, akatema.

"Haya ni mabichi, bana. Yataoza kabla tufike Webuye."

"Ati nini? Si mahindi ni mahindi?"

Tumwonee huruma. Nyumbani kwao walipanda miwa tu, na muwa haukaushwi.

Basi Kocha akaazima maturubai, akayamwaga mahindi uwanjani, akaanza kuyaanika na kuyageuza. Kufikia adhuhuri mgongo ulikuwa unamwaka moto. Ndipo alipowakumbuka wanafunzi wake.

"Vueni viatu! Mguu wa kushoto, kokota! Wa kulia, kokota!"

Watoto walikokota kwa furaha, mahindi yakageuka. Mawingu yaliposhuka kutoka Mlima Elgon, walikimbia kufunika kabla ya tone la kwanza, na mbio zile Kiplangat hakuwahi kuzipata kwa filimbi yake. Wazazi walikuja, wakasimama kando ya uwanja, wakatazama. Mwihaki alitazama kuliko wote, akatabasamu, akaenda zake. Hakuna aliyeuliza mpira uko wapi.

Wiki ya pili ilipokwisha, mahindi yalikuwa makavu na magunia yameshonwa. Wekoye alisimama akingoja lori. Ikafika pikapu, imejaa wazazi.

"Kocha, tumelinganisha," alisema Mwihaki.

"Na mmeonaje, mama?"

"Kiplangat ni bora. Ako na koni, ako na filimbi. Wewe hata mpira huna."

"Lakini mama, watoto wamefurahi!"

"Watoto wamefurahi. Sisi hatujaridhika."

Wote hawakuridhika, kwa kauli moja, na kila mmoja alilijua gunia lake. Mwihaki alitoboa la kwake, akatafuna punje, akainamisha kichwa kwa heshima. "Umekausha vizuri, Kocha. Mungu akubariki." Watoto walilia wakivutwa mkono kwenda nyumbani. Wekoye naye alikuwa karibu kuwasaidia kulia, maana jasho lile lilikuwa lake, la kweli, la kwanza maishani mwake.

Alishuka Bungoma jioni ile mikono mitupu. Hata hajavuka barabara, mama mmoja akamwita.

"Wewe si ndiye kocha wa Kitale? Rafiki yangu Mwihaki amenipigia simu."

Wekoye aliinyoosha kola yake. "Ndiye mimi, mama. Mfumo wa Uholanzi."

"Huo huo! Huku kwetu Kibabii tuko na makocha wawili, tumewalinganisha, hakuna anayekufikia. Magunia yako tayari, maturubai ninayo. Mpira usijisumbue kununua."