Pampu ya Kurudisha Bahari Juu

Jumatatu, 4 Novemba 1991
Pampu imekufa! Imetoa harufu ya mpira ulioungua, ikanyamaza. Ni pampu ya akwariumu ya Madame, niliyempikia miaka yote. Baada ya uporaji wa wanajeshi mwezi uliopita alikimbilia Zambia. Alipopanda gari alilia, akaniambia: chukua samaki, Mama Dorcelle, wasife. Nikawaleta kwetu Katuba kwa mkokoteni. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, na mawe yaliyoota maua yanayopumua. Maji ni ya chumvi, kama ya bahari. Chombo cha juu kinamwaga maji kwenye chombo cha chini. Kuyarudisha juu ndiyo kazi ya pampu. Sasa tunayarudisha mimi na binti yangu Dorcelle, kwa sufuria. Mgongo wangu, jamani!

Na Jumamosi mkwe anakuja. Baba Musonda, mchuuzi wa samaki wa Kasenga, anataka kumwona Dorcelle kabla ya kukubali mwanawe Emery amuoe. Nilimtumia habari kwamba kwetu kuna bahari. Nani alinituma kusema! Jirani yangu Mama Josée amesikia. Ametangaza bombani kwamba bahari yangu itageuka mchuzi, na kwamba mpwa wake hajachumbiwa bado. Nyoka!

Jumanne, 5 Novemba
Nimekwenda soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini. Tangu uporaji, sokoni kuna kila kitu, bila kasha lake. Nimeona kiti cha daktari wa meno. Souleymane, muuza vipuri, aliuliza maji yatapanda mpaka wapi. Nikaonyesha kitovu changu. Akanipa pampu ya plastiki. Ndogo kama kitunguu! Nimwonyeshe mkwe kitunguu?

Nyuma yake nikaona nyingine. Kubwa, tumbo lote la shaba, inang'aa. Akasema hapana, mama, hiyo ni ya kisima. Chumvi itakula shaba, na shaba itaua maua yako. Mimi, mtoto wa Katanga, niogope shaba? Shaba ndiyo iliyomlisha baba yangu. Nilijua tu, anamwekea Mama Josée. Nikampa pasi yangu ya makaa, nikaondoka na shaba kichwani. Watu walinitazama. Vizuri.

Jumatano, 6 Novemba
Nimewasha. Yesu! Maji yamepiga dari. Samaki mmoja ameruka, akatua kwenye bukari, ugali wa mume wangu Désiré. Désiré akauliza kwa upole kama huyu ni kitoweo au ni mgeni. Nimemrudisha majini na unga wake mgongoni. Nikabana mdomo wa mpira kwa kitambaa ili nguvu ipungue. Sasa pampu inanguruma kama lori mlimani. Sawa. Mkwe atasikia nyumba ina nguvu.

Alhamisi, 7 Novemba
Maua yamefumba. Yote! Hata konokono anayeishi kwenye mawe amejifungia kama mtu aliyesikia wanajeshi. Nimelia. Ni amana ya Madame, na Dorcelle amewapa wote majina. Nikang'oa shaba, nikabadilisha maji, nikatia chumvi aliyoiacha Madame, kisha mbio kwa Souleymane.

Hakucheka. Afadhali angecheka. Akachukua shaba, akanipa kitunguu. Akasema pia nisijaze chombo cha chini: courant ya umeme ikikatika, maji ya juu yatashuka, lazima yapate pa kukaa. Nilisikia nusu, maana Mama Josée alikuwa pale anaulizia pampu. Yeye mwenye beseni tu!

Ijumaa, 8 Novemba
Kitunguu kinafanya kazi! Kimya kama paka. Maua yamefunguka, isipokuwa moja lenye kinyongo. Nimekaa mbele yake na chai isiyo na sukari, nikasahau nchi nzima. Raha!

Lakini chombo cha chini kiko nusu. Nusu! Hapa kwetu mgeni hapewi kikombe nusu; ataona nyumba ya njaa. Nimemimina maji yote ya chumvi yaliyobaki, mpaka ukingoni. Sasa ni nyumba ya watu.

Jumamosi, 9 Novemba
Baba Musonda amefika juu ya lori, na mfuko wa samaki wakavu. Mama Josée naye amefika, eti kuazima kiberiti. Mkwe akakaa karibu kabisa na akwariumu. Akatazama sana. Akauliza wanaliwa lini. Nilipofungua mdomo, courant ikakatika.

Maji yakashuka. Chombo cha chini kikafurika, viatu vya mkwe vikazama. Mama Josée akapanda kiti, anapiga kelele: “Mama yangu! Bahari yabo inatuua!” Mimi nikasimama kama nguzo. Lakini Dorcelle alikwisha kushika sufuria. Anachota, anamwaga dirishani, mikono ileile ya Jumatatu. Mkwe akavua viatu, akachota naye.

Akasema kule kwao, mtoni Luapula, mtumbwi ukiingiwa na maji, kuna wa kupiga kelele na kuna wa kuchota. Akamtazama Mama Josée kule juu. Akamtazama Dorcelle. “Huyu njo mukwe wetu. Mutoto muzuri.” Nikapiga vigelegele, miguu majini!

Jumapili, 10 Novemba
Tumeshukuru kanisani. Samaki wazima. Hata lile ua la kinyongo limefunguka. Nimefikiri sana na nimeelewa: maji mengi yameleta baraka. Siku ya mahari nitajaza tena, mpaka ukingoni.

Mama Josée amepita na ile pampu ya shaba kichwani, polepole, ili nione. Désiré anasema nimwache apige dari lake. Lakini ilivyong'aa! Kesho Souleymane anitafutie ya shaba, kubwa kuliko ile. Désiré ameuliza saa yetu ya ukutani inakwenda wapi ndani ya kitenge. Nimemwambia inakwenda kutengenezwa.