Viti Sita Kwenye Gereji ya Crabtree

Lyndell Crabtree alipogundua kwamba pale mjini kwao, Gilbert, wazazi wanagombania shule ya watoto sita kwenye gereji ya mtu, alijilaumu kwa miaka aliyopoteza akiuza vichujio vya maji. Shule kubwa inammeza mtoto, walisema. Shule ndogo inamjua mpaka jina la mbwa wake. Tena serikali ya jimbo lao la Arizona inampa mzazi pesa ya ada akalipe anakotaka. Lyndell, ambaye kitabu chake cha mwisho kusoma kilikuwa maelekezo ya friji, akatoa pikapu nje, akapanga viti.

"Kwa nini sita tu?" akauliza Dada Tolman, mama yake Brinley wa miaka kumi.

"Ubora ni uchache, dada. Na hapo kimebaki kimoja."

Akalipa muhula mzima palepale. Wenzake watano nao wakauziwa kiti hichohicho cha mwisho.

"Utawafundisha nini?" Dada Tolman akakumbuka kuuliza.

"Kufundisha ni mambo ya kizamani. Mtoto anachagua mradi, mimi namsindikiza."

Akawasindikiza kweli, akiwa kwenye kochi, macho kayafumba. Nia yake ilikuwa kutokomea na ada jimbo jirani la Nevada kabla ya siku ya maonyesho, wazazi wanapokuja kuona watoto walichojifunza. Watoto nao, kwa kukosa kingine cha kusoma, walimsoma yeye.

Siku moja Brinley akamwamsha. "Bwana Crabtree, tumefungua shule yetu. Gereji ya kwetu, ng'ambo ya barabara. Viti vinne."

"Nani atawalipa nyie?"

"Chungulia dirishani."

Akachungulia. Magari yamepanga foleni mtaa mzima, na akina mama wanashuka mbiombio. Tamaa mbele, mauti nyuma, lakini nani aliwahi kugeuka kutazama nyuma?

"Mnahitaji mshirika mtu mzima," akasema.

"Tunaye. Anakuja saa nane na pesa."

"Mwambieni kachelewa." Akamkabidhi Brinley ada yote ya muhula.

Siku ya maonyesho, badala ya Nevada, akavuka barabara kudai gawio lake. Akawakuta wazazi wamekaa, Brinley kasimama mbele yao.

"Tulitaka kujua kama anayeuza kiti cha mwisho naye anaweza kuuziwa," akasema. "Anaweza. Yale magari yalifuata lambalamba za bure tulizotangaza."

Watoto wakawarudishia wazazi ada zao, na gereji ikalipuka kwa makofi. Lyndell akarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, lakini Dada Tolman akamdaka mkono. Akajua sasa ni polisi.

"Bwana Crabtree," mama akamnong'oneza, machozi yakimlengalenga, "miaka minne shule kubwa mtoto wangu hakujua kugawanya. Leo kagawanya pesa zako kwa sita bila kukosea hata senti. Muhula ujao unafungua wapi? Nina mwingine, ana miaka saba."