Kimya Chini ya Futi Elfu Kumi

Kapsoya, Eldoret

Kwa Kapteni Oketch,
Mkuu wa Marubani,
Shirika la Ndege la Kware.

Mheshimiwa Kapteni,

YAH: KIMYA MLICHONILETEA NYUMBANI

Pokea salamu za mama ambaye hujawahi kumwona, ila mwanawe unamjua vizuri, maana umemwondoa kwenye ndege. Mimi ni Priscah, mamake Kigen, rubani wako msaidizi. Natumaini u mzima na wa nyumbani hawajambo. Sisi tuko salama isipokuwa mambo yafuatayo, ambayo nimeyatia namba usije ukasema hukuyaona.

1. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege, na mwanangu ndiye aliyekuwa akiiendesha kwenda Nairobi. Ungekuwa wewe ndiye mama, ungekaa tu ukitazama mawingu? Nilimwomba Eddah, yule msichana anayehudumia abiria, amuulize Kigen kwa simu yao ya ndani kama amekula. Eddah akaniambia kwa heshima kwamba ndege bado inapanda. Nikamwambia hata mimi napanda, tuko pamoja. Akapiga. Mara ya pili niliuliza kama amevaa sweta. Mara ya tatu niliuliza ni siku gani tunaenda Cheptiret kwa Mzee Wabuge kumposa binti yake Nanzala, kwa sababu huyu kijana amenizungusha tangu tupande mahindi. Kigen akajibu, "Jumamosi, Mama." Basi! Ati wakati anasema hayo ndege ikapita mahali ilipoambiwa isimame, ikaenda futi mia tatu juu zaidi.

2. Sasa, Kapteni, futi mia tatu ni nini? Mtu wangu wa boda boda hunipitisha geti kila Jumapili mpaka kwa jirani, nami hushuka nikarudi kwa miguu nikiimba. Hakuna aliyemsimamisha kazi. Tena Kigen alikosea kwenda juu. Angekosea kwenda chini ningekuelewa. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kulaumiwa kwa kupanda kuliko alivyotarajiwa.

3. Mmemrudisha nyumbani asome upya ile sheria yenu kwamba chini ya futi elfu kumi rubani hazungumzi ila mambo ya kazi. Ameisoma na ameishika. Shida ni kwamba Kapsoya yenyewe iko kama futi elfu saba. Tangu arudi hajanijibu hata swali moja. Nikimuuliza kama chumvi imetosha, ananionyesha kitabu. Nikimuuliza kama amekosana na Nanzala, ananiinulia vidole kumi. Mimi nilikulia Burnt Forest, nikaona majirani wakiacha kusalimiana, nikaona na mapigano yaliyofuata. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, Kapteni, na hiki cha mtoto wangu kinaniuma.

4. Jumamosi hiyo inakuja. Wazee wa Nanzala watamuuliza kijana mbele ya watu kama kweli anampenda binti yao, na Cheptiret nayo haijafika futi elfu kumi. Akiinua vidole, tumekwisha. Kwa hiyo naomba uandike barua yenye muhuri kwamba kuanzia hapa mpaka Cheptiret pahesabiwe kuwa ni juu ya futi elfu kumi. Ukishindwa, tupe ndege siku hiyo. Tutawapakia wazee wa pande zote mbili, tupande mpaka futi elfu kumi na moja, waulizane huko huko, tushuke tukiwa wakwe. Mbuzi nitamkatia tiketi mwenyewe.

5. La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mrudishe mtoto kazini. Kigen alianza kunyooshea ndege kidole nikiwa nimembeba mgongoni, na sasa zikipita juu ya nyumba anafunga dirisha. Kosa lake ni adabu tu. Nilimfundisha mimi mwenyewe kwamba mzazi akiuliza, unajibu. Au mnataka marubani wasio na adabu?

Nisalimie wote wa ofisini, mafundi, walinzi wa geti, na Eddah, umwambie sina kinyongo naye. Usimsahau yule kapteni aliyekuwa na Kigen siku hiyo, ingawa hakunisalimia.

Ni mimi kwa unyenyekevu, bado mama wa rubani,

Priscah

Tanbihi: Samahani kwa doa la maziwa. Nanzala amekuja asubuhi hii kunisaidia. Mimi nilikuwa naandika hapa jikoni, yeye amesimama anachunga maziwa ya chai yasifurike. Nikamuuliza kama amekula. Akajibu. Nikamuuliza mbona hana sweta. Akajibu. Nikamuuliza kama Kigen amemwambia lolote kuhusu Jumamosi. Na kwa kuwa amelelewa vizuri, akanigeukia kwanza ndipo anijibu, na maziwa yakapanda, yakapita mdomo wa sufuria, yakazima moto. Kigen akatoka chumbani, akatazama sakafu, akasema maneno yake ya kwanza tangu umrudishe nyumbani: "Mama, hizo ndizo futi mia tatu." Nanzala akacheka mpaka akakaa chini.

Basi Kapteni, futa kuanzia namba moja mpaka nne. Namba tano iache. Mtoto alijibu kwa sababu aliulizwa, kwa hiyo mrudishe yeye, unisimamishe mimi. Na siku ukifika Kapsoya, karibu chai. Ila anayeipika usimsemeshe.