Dirisha la Kijani na Risasi ya Kijino

Jumatatu, 4 Machi
Mkaza mwanangu amerudi kutoka kliniki na mjukuu wangu Kijino, mwenye meno mawili tu duniani, akatangaza kuwa mtoto ana risasi kwenye damu. Risasi! Nikashika bakora, nikauliza ni mlaaniwa gani anayewafyatulia watoto wachanga bunduki. Akashusha pumzi: "Baba, si ya bunduki. Ni madini. Yamo kwenye rangi ya dirisha lako." Dirisha langu! Nililolipaka kijani kwa mkono wangu mwaka niliooa! Kumbe Kijino hulitafuna.

Jumanne, 5 Machi
Amekuja muuguzi, binti mdogo, kunifundisha mimi niliyefundisha vizazi kusoma. Eti rangi kuukuu ikibambuka huwa vumbi, vumbi hushika mikono, mikono huenda kinywani, na akili ya mtoto hudumaa. Anawishwe kila mara, sakafu ipigwe deki, na rangi isikwanguliwe kavu abadani, aachiwe fundi. Mpaka hapo Kijino akae kwa bibi yake mzaa mama. Kwa bibi yule! Mwenye madirisha ya alumini na ulimi wa wembe! Astaghfirullah.

Jumatano, 6 Machi
Baada ya swala ya alfajiri, Kijino akiwa bado amelala chumba cha ndani, nimelikwangua dirisha lote kwa kisu. Pasipo rangi hapana safari. Wala sikuvunja sharti: kilichokatazwa ni kukwangua kavu, nami nilikuwa nimetoka kutawadha, mikono mibichi.
Mkaza mwanangu amekuta vumbi la kijani mkekani, kwenye sufuria ya uji na ndevuni mwangu. Yowe! Mwanangu, niliyemlea kwa adabu, amesema, "Baba, ilikuwa dirishani tu. Sasa iko nyumba nzima." Kijino amebebwa akinipungia mkono. Bibi yule ameniletea salamu: nioshe ndevu.

Ijumaa, 8 Machi
Fundi rangi ameingia amejifunika pua kama mwizi, na nailoni na vitambaa vilowevu. Amefuta kila pembe, ameng'oa fremu, akaweka mpya ya mbao isiyo na rangi. Nilisimama kama mfiwa.

Jumamosi, 27 Aprili
Kipimo kimerudi: risasi inashuka. Alhamdulillahi! Nimelia, wala sioni haya. Kesho Kijino anarejea.
Lakini apokewe na mbao tupu, kama nyumba ya fukara? Stoo nimekuta kopo la rangi ya kijani kile kile. Iliyoharamishwa ni rangi kuukuu. Hili halijafunguliwa tangu nioe, kwa hiyo ni jipya. Nimekwisha chovya burashi, fundi, aliyekuja kukaza bawaba, akanipokonya: "Mzee, huyu mtoto amekukosea nini?" Eti amenikosea nini! Kuulizwa mimi! Ametoka na kopo langu akinung'unika.
Hakuuliza kama liko la pili. Nami si mtu wa kujibu nisiloulizwa.