Mshenga Aliyelipa Hongo Ntalikwa

Leo nimevuliwa mchana kweupe, ndugu zangu. (Koti tu. Lakini aibu haipimwi kwa vazi.)

Mnanijua. Nauza mitumba sokoni hapa Tabora na sijawahi kuangushwa bei na mtu. Ndiyo maana Idi, mtoto wa dada yangu, alinichagua niwe mshenga wake. Amepata kazi Mpanda, anaondoka mwisho wa mwezi ujao, na anataka aondoke na mke. Baba wa binti alishatuma neno: harusi ingoje mwaka mzima. Mimi niende kwao Ntalikwa, nitaje wiki mbili, wao washtuke, tuvutane, tukutane mwezi mmoja. Kazi ya kawaida kabisa.

"Mjomba, usiniangushe," Idi alinishika mkono asubuhi. Kiganja chake kililowa jasho. "Mwaka mzima niko Mpanda, yeye yuko kwao, na kuna mwalimu mmoja hakauki pale."

"Mimi? Nikuangushe?" (Hilo liwekeni akiba.)

Nikavaa koti la kijivu, daraja la kwanza, lile ninalokataa kuliuza. Vifungo vinne. Nikahesabu tena, vinne. Nikabeba dumu la asali na kumchukua Zuhura, mdogo wake Idi, anisindikize. Huyu anasoma saikolojia chuoni na yuko likizo, kwa hiyo hakuna mtu nyumbani aliyepona kuchambuliwa.

Ndani ya bajaji akaanza. "Mjomba, hakuna mtu anayeingia mahali peke yake. Kila mmoja amebeba watu wake kichwani: aliyemlea, aliyempenda, aliyemchapa. Ukikutana na mgeni, unamvisha sura ya mmoja wao bila kujua. Halafu unamjibu yule wa zamani."

"Kichwani mwangu nipo mimi na bei."

"Haya, Mjomba."

Nikahesabu vifungo tena. Vinne.

Tulipofika, palikuwa na mtu uani, amechuchumaa na singlendi, anarudishia mnyororo wa baiskeli. Kwa kumtazama tu nilimzidi umri. "Bwana mdogo, hebu pokea asali hii uipeleke ndani. Na isimwagike!" Akafuta mikono, akaipokea kwa adabu zote.

Sebuleni, kwenye kiti kikubwa, alikaa mzee mwenye kofia iliyolalia sikio la kushoto. Kina mama watatu walikuwa mkekani. Mzee akanitazama kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka usoni. Kisha akakohoa.

Jamani! Kikohozi kimoja, kikavu, kama mlango wa stoo. Hivyo ndivyo alivyokohoa marehemu baba yangu kabla ya kuuliza nani kavunja nini. Mimi nina wajukuu wawili. (Nimehesabu tena, ni wawili.) Lakini magoti yangu, pale pale, yakawa na miaka tisa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani kakwambia ukae?"

Nilikuwa sijakaa. Nilikuwa njiani kukaa. Nikabaki hapo hapo, makalio hewani.

"Umefuata nini?"

Maneno yote niliyoyapanga yakatoka kwa mlango wa nyuma. "Nimetumwa, baba."

"Nasikia kwenu mna haraka. Mwaka mnauona mrefu?"

Hapa ndipo pa kutaja wiki mbili. Mdomo nikaufungua vizuri tu.

"Hapana, baba. Mwaka ni mfupi."

"Mfupi?"

"Tufanye miwili."

Zuhura akanikanyaga kidole. Nikadhani kateleza. Mama mmoja akajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Nikajua nimemliza.

"Na msafara haupiti hapa bila hongo," mzee akasema. "Vua koti."

Mtoto yeyote wa Tabora angezinduka hapo, neno hilo lina wenyewe. Mimi nikavua. Nikalikunja vizuri kama la dukani. Nikamkabidhi kwa mikono miwili na kuongeza, bila kuombwa na mtu: "Sirudii tena, baba."

Nyumba ikapasuka kwa kicheko.

Yule wa singlendi alikuwa ameshikilia fremu ya mlango, machozi yanamtoka. "Mwacheni jamani, atatuzimikia!" Akanipa mkono wenye grisi. "Karibu, mshenga. Mimi ndiye baba wa binti. Asali haijamwagika."

Na mzee? Alishavaa koti, anajigeuzageuza. "Mbukwenyi!" akanisalimu. Mgogo! Mtani wa nyumba! Babu zetu Wanyamwezi walipopita Ugogo na misafara, Wagogo waliwatoza hongo, na utani ukabaki mpaka leo. Mtani ana haki ya kukalia kiti cha mwenye nyumba na kumtesa mshenga. Mshenga mwenye akili humrudishia tusi zito, watu wakacheka, ndipo mazungumzo yakaanza. Mimi nimekulia humo! Nimewatukana Wagogo mpaka misibani! Leo nimemwita mmoja wao "baba" mara tatu. (Zuhura anasema ni nne.)

Simu yangu ikaita kutoka mfukoni mwa koti. Mtani akapokea. "Haloo? Idi? Ndiyo, mjomba wako yupo. Anatetemeka kidogo, lakini anaendelea vizuri." Na simu hakuikata.

Baba wa binti akakaa, akaacha kucheka. "Sasa, mshenga. Umesema miaka miwili."

Jasho likanishuka mgongoni, na koti la kulificha sina. Nikamwona Idi na kile kiganja chake. Nikamwona pia yule mwalimu asiyekauka. "Ilikuwa... unajua..."

"Baba, samahani," Zuhura akanidaka. "Mjomba hakuwa anaongea na huyu mzee. Kamwona marehemu babu. Ile miwili kampa babu."

Nilidhani watacheka tena. Hawakucheka. Baba wa binti alitazama grisi mikononi mwake kwa kitambo.

"Mimi nilipoposa," akasema, "mkwe wangu alinisubirisha mwaka. Nilimchukia mwaka mzima. Majuzi nikaulizwa tarehe, nikasikia mdomo wangu unasema: mwaka." Akatikisa kichwa. "Tabia yake, sauti yangu."

Mama aliyejifunika kanga, kumbe ndiye mkewe, akasema taratibu, "Na baba alishajifia. Unamngojea nani?"

Nikakaza meno nisije nikasema mitatu.

"Kabla kijana hajasafiri," baba wa binti akasema. "Mwezi ujao. Amchukue mkewe waondoke."

Idi alipiga ukelele mpaka mtani akaisogeza simu mbali na sikio.

Koti halikurudi. Mtani anasema hongo hairudishwi, atalivaa harusini, na mimi nitamwamkia "shikamoo, baba" mbele ya watu wote. Tangu tupande bajaji kurudi nafanya mazoezi ya kumtukana. Kila nikikumbuka kile kikohozi, tusi linageuka "naam".

"Kwa hiyo, kichwani ulikuwepo wewe na bei?" Zuhura akaniuliza.

"Na babu yako," nikamjibu. "Na ndiye aliyekuwa anapanga bei."

Anayetaka kunicheka acheke. Ila kwanza amwambie baba yake "hapana", na mimi niwepo nisikie.