Kidole Tumbo cha Lesian

Jumatatu, 3 Machi 2025

Bi Hedwiga wa ofisi ya wanafunzi amenikamata. Nilikuwa nyuma ya tangi la maji, lakini viatu vilionekana. Akasema wageni wote chuoni wameshasajiliwa bima ya afya, kasoro Mkenya mmoja. Nilikuwa na mpango wangu: kwenda siku ya mwisho, foleni ikiwa fupi. Foleni ilikuwa fupi kweli. Dirisha lilikuwa limefungwa!

Kadi yangu sasa nitaingoja hadi mwisho wa mwezi. Akaanza kueleza mgeni afanye nini akiugua kabla ya kadi. Sikungoja. Mimi siugui.

Jumanne, 4 Machi

Tumbo. Nimelaumu makande.

Jioni maumivu yamehamia upande wa kulia, chini. Lesian, ninayepanga naye chumba hapa Sakina, akasema niende hospitali. Nikamweleza taratibu, kama mtoto. Nikienda bila bima, chuo kitajua. Chuo kikijua, sipandi Mlima Meru kwa mafunzo. Bila Meru, cheti cha kuongoza watalii nakisahau, narudi Bungoma kuuza miwa.

Nimepata wazo. Lesian ana kadi.

Jumatano, 5 Machi

Lesian alikataa. Akasema hata kwa dawa, wewe Mkenya una wazimu. Nikatapika kwenye ndala zake. Akakubali.

Asubuhi nzima mafunzo. Jina: Lesian. Nyumbani: Oldonyo Sambu. Mama: Naipanoi, na namba yake ya simu. Wakinisalimu kwa Kimaasai, “sopa”, nijibu “epa”. Nilirudia mpaka jirani akagonga ukuta. Picha haina shida: kwenye kadi Lesian amekunja uso, na mimi maumivu yamenikunja uso. Tumefanana kabisa.

Hospitalini mapokezi yalikwenda vizuri. Kisha akaja nesi mtu mzima, Namnyaki. Akasoma jina, akatabasamu. Sopa! Epa! Safi sana. Halafu akanyoosha mkono, kiganja kikielekea kichwani kwangu.

Hili Lesian hakunifundisha. Nikampa tano.

Kwa nguvu. Paa!

Tabasamu likazimika. Akakitazama kiganja chake, akanitazama mimi, akaondoka. Kijana wa kwenye benchi akaninong'oneza kwamba kwa Wamaasai mdogo huinamisha kichwa, mkubwa anakigusa. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo.

Naandika nikiwa kitandani. Daktari amesema ni kidole tumbo na kinaweza kupasuka wakati wowote. Wanapasua leo, ila kwanza ndugu ajulishwe. Namnyaki amempigia simu mama. Mama gani? Mama yangu! Yaani wa Lesian. Yuko njiani. Oldonyo Sambu si mbali.

Nimejaribu kuinuka nikimbie. Maumivu yamenirudisha kitandani.

Ijumaa, 7 Machi

Niko hai.

Mama Naipanoi aliingia na kibuyu cha maziwa, mashemeji wawili na mwinjilisti. Nikajifunika shuka hadi machoni. Mwinjilisti akaanza kumwombea Lesian. Safari hii nikainamisha kichwa vizuri kabisa. Mama akakigusa, akavuta shuka.

Akauliza huyu ni nani. Namnyaki akajibu kwamba hata yeye angependa kujua.

Nikasema, “Shikamoo, mama.” Sikuwa na kingine.

Hakuitikia. Akauliza mwanawe yuko wapi. Nikasema ni mzima, yuko Sakina anafua ndala. Akauliza mama yangu yuko wapi. Nikasema Bungoma. Hapo nikalia, na naandika wazi kwamba ni kwa sababu ya maumivu.

Mashemeji walitaka polisi. Namnyaki alikuwa ameshashika simu. Mama Naipanoi akavuta kiti, akakaa. “Mpasueni kwanza,” akasema. “Kumfunga mtamfunga akipona. Mama yake ni mimi leo.” Mwinjilisti akaomba upya, akiuliza jina katikati ya sala.

Daktari anasema ningengoja hadi jioni, wangenizika.

Jumapili, 9 Machi

Bi Hedwiga amekuja. Kumbe mgeni asiye na kadi anatakiwa kuiambia ofisi tu, na chuo kinazungumza na hospitali siku hiyohiyo. Akasema ndicho alichokuwa akieleza kwenye tangi. Nikamwambia angeanza na hilo. Akasema alianza na hilo.

Adhabu: sipandi Meru na wenzangu. Nitapanda Juni. Kadi ya Lesian imezuiwa hadi uchunguzi uishe. Lesian hasemi nami. Mama yake kaniachia maziwa.

Jumatatu, 24 Machi

Kadi yangu imetoka! Jina langu, picha yangu.

Lesian, ambaye sasa anasema nami tena, ameteguka kifundo cha mguu akishuka Meru. Kimevimba kama nanasi. Alitaka kwenda kwa Bi Hedwiga kuuliza utaratibu. Nikamkataza. Utaratibu utamchelewesha, nami ndiye niliyemkosesha kadi. Nimempa yangu.

Mafunzo yameanza asubuhi. Anakijua kijiji changu, jina la babu yangu na salamu zetu, pamoja na mikono inakwenda wapi. Kosa la mwanzo nimeliona lilipokuwa: ni namba ya simu ya mama. Nimempa akariri nyingine, aseme ni ya ndugu wa karibu. Ni ya Bi Hedwiga. Yule hapokei simu ya mtu.