Mbao Sitini na Moja

Jumatatu, 4 Septemba

Hili sijamwambia mtu, hata bibi yangu. Ni mimi niliyeosha mbao.

Mbao za kuzibia madirisha ya kijiji kizima, sitini na moja, tunazozihifadhi katika ukumbi wa kanisa mpaka kimbunga kije. Ijumaa nilizisugua zote kwa sabuni na dawa ya madoa. Nikazipanga kwa ukubwa, kama vitabu. Kamati ya maafa inatafuta karani. Nimemaliza shule mwezi Juni na kuomba kazi kwa mdomo siwezi, sauti hukatika. Nilidhani usafi utanisemea.

Leo redio imetangaza kwamba kimbunga Velda kitafika Alhamisi. Watu wakaja kuchukua mbao zao. Ma Titine, jirani yetu, akageuza ubao mmoja, akageuza wa pili, akauliza alama ziko wapi.

Alama gani? Masizi yale! Marehemu fundi Laronde alipozikata aliandika kila ubao kwa mkaa: nyumba ya nani, dirisha la ngapi, kuanzia upande wa upepo. Kila mtu anajua. Mimi niliona uchafu.

Nilijificha nyuma ya kinanda.

Jumanne, 5 Septemba

Lawama imemwangukia Mzee Alcide, mtunza ukumbi, ambaye anasikia kwa sikio moja tu. Ma Titine amemwambia mbele ya watu, "Alcide, shati lako mwenyewe hulifui. Hamu ya kufua mbao umeitoa wapi?" Akajibu kwamba yeye na sabuni hawajuani, na aulizwe mtu yeyote. Watu wakacheka, lakini mwenyekiti wa kamati, Bi Royer, hakucheka. Amesema kimbunga kikishapita Mzee Alcide atarudisha ufunguo wa ukumbi. Ameuvaa shingoni miaka thelathini na moja!

Nilifungua mdomo. Ikatoka pumzi tu.

Ila nimepata mpango. Nitapima madirisha yote kimyakimya, kila ubao urudi kwake, na hakutakuwa na kosa la kumlaumu mtu.

Jumatano, 6 Septemba

Nilipima kwa kamba ya kurukia. Kila dirisha fundo moja. Bwana Fontaine alinikuta nimekumbatia dirisha lake akauliza, "Mwanangu, unaingia au unatoka?" Nikakimbia.

Nilifika ukumbini na mafundo sitini na moja. Fundo lipi ni la dirisha la nani? Sikuwa nimeandika popote.

Halafu ukumbi wenyewe ulikuwa mtupu. Watu walichoka kusubiri, kila mmoja akabeba alichokiweza. Mchana kutwa kijiji kilipanda na kushuka na mbao kichwani, kikijaribu dirisha hadi dirisha. Ma Titine na Bwana Fontaine hawajasalimiana miaka minane kwa sababu ya mshelisheli wa mpakani. Leo Ma Titine alisimama mlangoni kwa Fontaine na kusema, "Fontaine, nipe dirisha langu." Naye akasema, "Lako limenikaa vizuri kuliko langu, lakini chukua." Bibi aliangusha nyundo kwa mshangao.

Ubao wa mwisho, wa dirisha la jikoni kwetu, aliupigilia Mzee Alcide. Mimi nilimshikia misumari. Akatazama vidole vyangu vilivyochubuka, akasema taratibu, "Dawa ya madoa inakula ngozi, mjukuu wangu. Siku nyingine vaa glavu."

Anajua! Tangu lini? Nilidondosha misumari yote.

Ijumaa, 8 Septemba

Velda ameng'oa gati na migomba yote ya bondeni. Hakuna dirisha hata moja lililovunjika. Tulikuwa ukumbini watu tisini, tukila mikate ya kukaanga na samaki wa chumvi.

Asubuhi hii Bi Royer aliuliza kwa mara ya mwisho nani aliosha mbao. Nilisimama. Naapa nilisimama. Sauti haikuja. Mzee Alcide akanitazama, kisha akasema, "Ni mimi." Akavua ufunguo, akaongeza kwamba apewe binti huyu aliyesimama, maana yeye angalau anajuana na sabuni. Watu wakapiga makofi. Bi Royer akanivisha ufunguo na kunitangaza karani wa kamati. Ulikuwa bado na joto la kifua cha Mzee Alcide.

Sijala tangu hapo.

Jumamosi, 9 Septemba

Lazima ufunguo urudi kwa Mzee Alcide. Nimepata mpango. Nitafanya jambo zuri kiasi kwamba kamati itauliza yenyewe nani amelifanya, na wakiwa bado wanafurahi nitasema la mbao pia.

Stoo ya akiba ya kamati ina makopo mia moja na arubaini. Maji ya mvua yameingia, karatasi za makopo zina ukungu, aibu tupu. Nimezibandua zote na kuzichoma. Nimeyasugua makopo, nikayapanga kwa ukubwa. Yanang'aa, yote sawasawa, huwezi kutofautisha dagaa na maziwa ya watoto. Safari hii nilivaa glavu.

Kesho baada ya misa wanagawa chakula. Wewe daftari usimwambie mtu kwamba ni mimi. Nataka washangae wenyewe.